Mary Leakey: Mwanamke aliyefukua siri za Nakuru katika kilima chenye bao la mwambani

KATIKA vibanda vya michezo ya video mjini Nakuru, kijana anaweza kuketi mbele ya televisheni saa nzima bila kugeuza shingo. Vidole vyake havitulii juu ya vitufe, macho hayabanduki kwenye kioo, na mbele yake chombo cha angani kinapambana na maadui wanaoteremka makundi kwa makundi kutoka gizani. Akishindwa, hulipa tena na kuanza upya.

Wazazi wengi huuona mchezo wa aina hiyo kuwa maradhi ya kizazi hiki, yaliyoletwa na umeme na mitambo ya ng'ambo. Hata hivyo, takriban kilomita nne kutoka katikati ya mji, karibu na barabara kuu ya kuelekea Nairobi, kipo kilima kinachotoa ushahidi tofauti. Katika mwamba wake wakazi wa kale walichonga safu za vishimo vilivyopangwa kwa ustadi. Vishimo hivyo ni bao, mchezo wa vita usiomwaga damu.

Kilima hicho huitwa Hyrax, kwa Kiingereza jina la pimbi, wanyama wadogo waliokuwa wakiishi kwa wingi kwenye nyufa za miamba yake. Aliyekifukua na kukitia katika kumbukumbu za historia alikuwa mwanamke wa miaka 24, asiye na shahada wala cheti cha kumaliza shule, ambaye ndoa yake ilikuwa imezua minong'ono nchini Uingereza. Mwanamke huyo ni Mary Leakey.

Ulimwengu humkumbuka kwa mafuvu na nyayo alizozigundua Olduvai na Laetoli nchini Tanzania. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya sifa hizo kumfikia, alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la Nakuru na Njoro, akichambua udongo kwa brashi na kisu kidogo, na kwamba huko ndiko alikoonyesha kwa mara ya kwanza barani Afrika uwezo wake wa kusimamia uchimbaji mkubwa.

Binti wa mchoraji

Mary Douglas Nicol alizaliwa jijini London mnamo Februari 6, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyezunguka na familia yake nchi mbalimbali za Ulaya akitafuta mahali pa kuchora. Kutoka kwake Mary alirithi mkono mwepesi wa kalamu na jicho lisilopuuza jambo dogo.

Upande wa mama ulikuwa na uhusiano wa mbali na Kenya. Cecilia Frere alitoka katika ukoo uliopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na jina la ukoo huo limesalia hadi leo Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Katika ukoo huohuo alikuwamo John Frere, ambaye mwaka 1797 alieleza kwamba mawe yaliyochongwa yaliyopatikana Hoxne, Uingereza, yalikuwa zana za watu wa kale mno.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, familia yake ilikaa katika eneo la Dordogne nchini Ufaransa, lenye mapango mengi ya watu wa kale. Binti huyo aliruhusiwa kupekua rundo la udongo uliotupwa na wachimbaji, akaokota zana za mawe na kuzipanga kwa namna aliyoibuni mwenyewe. Kwake kazi hiyo ilikuwa mchezo wa kutafuta kilichofichwa, na hamu yake haikumtoka tena.

Mwaka 1926 baba yake alifariki. Mama na binti walirudi London, na maisha ya shule yakawa mateso kwa pande zote. Mary alipelekwa katika shule za watawa wa Kikatoliki, akafukuzwa zaidi ya mara moja. Mara moja kosa lake lilikuwa kusababisha mlipuko katika darasa la kemia. Mama yake alipouliza kama Chuo Kikuu cha Oxford kingeweza kumpokea, alielezwa kwamba hapakuwa na haja ya kujaribu.

Binti huyo hakukata tamaa. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia mjini London bila kusajiliwa kwa shahada yoyote, akaandika barua kwa wachimbaji mbalimbali akiomba kazi. Mwanaakiolojia Dorothy Liddell alimpokea katika uchimbaji wa Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza, akamfundisha kazi na kumtumia kuchora vifaa vilivyopatikana. Michoro hiyo ilimvutia Gertrude Caton-Thompson, mtafiti mashuhuri wa historia ya kale ya Misri, ambaye alimpa kazi ya kuchora zana za kitabu chake.

Ni Caton-Thompson aliyemkutanisha Mary na Louis Leakey mwaka 1933. Louis, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamishonari na kuzungumza Kigikuyu tangu utotoni, alikuwa akitafuta mchoraji wa kitabu chake kuhusu binadamu wa kale. Alimpata mchoraji, akampata na mchumba, ilhali alikuwa na mke na watoto wawili.

Jambo hilo lilizua kashfa Cambridge alikokuwa Louis. Mkewe, Frida, alipewa talaka mwaka 1936, na mnamo Desemba 24 mwaka huo Louis na Mary wakafunga ndoa. Matumaini ya Louis ya kupata wadhifa wa kudumu katika chuo hicho yalizimika. Mapema mwaka 1937 wawili hao walishika njia ya Kenya.

Shamba lenye wenyewe

Muda mfupi baada ya kufika, Mary aliugua homa ya mapafu, akawa mahututi hata mama yake akaitwa kutoka Uingereza. Alipopata nafuu, mumewe alikuwa amezama katika utafiti mrefu kuhusu mila na desturi za Wagikuyu. Mary alihitaji kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo ilikuwa Nakuru.

Mji wa Nakuru wa wakati huo ulikuwa kitovu cha walowezi Wazungu. Lord Delamere, kiongozi wao aliyefariki mwaka 1931, alikuwa amejenga nguvu zake za kisiasa katika eneo hilo kuanzia Njoro hadi Elmenteita. Sheria za kikoloni ziliitenga ardhi ya nyanda za juu kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliruhusiwa kuishi humo kama kibarua tu. Miongoni mwa walowezi, hoja iliyorudiwa mara kwa mara ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa tupu walipofika, pori lisilo na mwenyewe wala historia.

Louis alikuwa tayari ameanza kuonyesha vingine. Tangu mwaka 1926 alikuwa amechimba karibu na Nakuru na Elmenteita, na huko Kariandusi, karibu na Gilgil, zilipatikana shoka za mawe za kale sana. Kilima cha Hyrax nacho alikuwa amekitambua, lakini hakuwa amekichimba. Kilikuwa katika shamba la walowezi, kikitazama ziwa lenye heroe.

Mary alikichimba mwaka 1937 na 1938. Alipima eneo, akachora ramani, akagawa ardhi katika miraba na kuondoa udongo tabaka kwa tabaka. Vibarua wa Kiafrika walibeba karai na kuchekecha udongo kwenye chekeche, naye akapitia kila kilichobaki juu ya wavu. Kipande cha chungu au cha jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililotoka kwenye volkano, hakikutupwa kabla ya kuandikwa mahali kilipotoka.

Kilichojitokeza ni makao ya vizazi vingi. Palikuwa na makaburi ya wafugaji walioishi takriban miaka 3,000 iliyopita, yakiwa yamefunikwa kwa mawe. Wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe, ilhali makaburi ya wanaume hayakuwa na vyombo hivyo. Juu ya tabaka hilo kulikuwa na makao mengine ya watu wa baadaye, wa enzi ya chuma, walioacha vyungu, mifupa ya ng'ombe na mabonde madogo ya duara yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima.

Mabonde hayo, ambayo watafiti huyahusisha na watu wa Sirikwa, kwa miaka mingi yalidhaniwa kuwa nyumba zilizochimbwa ardhini. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa pembeni yake. Ilibainika pia kwamba katika zama za mvua nyingi maji ya Ziwa Nakuru yalipanda hadi kwenye miguu ya kilima hicho.

Mary hakuwa mwanasiasa, wala hakuyafukua makaburi hayo ili kuwashtaki walowezi. Hata hivyo, ripoti yake ya mwaka 1945 ilibeba jibu ambalo halikuhitaji hotuba. Chini ya nyasi za shamba lililodaiwa kuwa tupu kulikuwa na vijiji, mazizi, makaburi na vyombo vya watu waliofuga na kuzikana hapo maelfu ya miaka kabla ya hati yoyote ya ardhi kutiwa saini. Kilima hicho kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na mwaka 1965 nyumba ya shamba hilo ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Vita katika vishimo

Mgeni anayefuata njia ya miguu inayozunguka makao hayo hufika kwenye mwamba wenye bao. Kishimo kilichochongwa kwenye jabali hakina mkaa wala mfupa wa kupimwa umri, hivyo mwamba wenyewe hautoi tarehe. Unachoonyesha waziwazi ni jasho. Aliyechonga safu hizo aligonga jiwe kwa jiwe siku nyingi, kwa ajili ya kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kisichozuia mvua.

Mchezo wenyewe haujatoweka. Wagikuyu huuita giuthi, Wajaluo ajua, na Wamasai enkeshui. Katika pwani ya Waswahili bao limekomaa na kuwa na vishimo 32 na kete 64, kila mchezaji akitawala safu mbili. Halina dadu wala karata, na bahati haina nafasi. Anayeshinda ni yule aliyehesabu mbali kuliko mwenzake.

Kiini chake ni vita. Mchezaji huokota kete, huzipanda moja moja katika vishimo, na kete ya mwisho ikiangukia mahali panapofaa huwateka askari wa upande wa pili. Katika bao la pwani mateka hawatoki uwanjani, bali hupandwa upande wa aliyewateka na kumpigania. Miongoni mwa Wamasai kete huhesabiwa kama ng'ombe, na kuzichukua ni kama kuteka mifugo ya jirani bila mkuki kurushwa.

Hapo ndipo bao la mwambani linapokutana na mchezo wa angani unaochezwa vibandani. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alibuni Space Invaders kwa ajili ya kampuni ya Taito. Mchezaji alikuwa na bunduki moja chini ya kioo, na juu yake safu za viumbe wa angani zikiteremka. Miaka miwili baadaye kampuni ya Atari iliuleta mchezo huo kwenye mtambo wake wa nyumbani, na watu wengi wakanunua mtambo kwa sababu ya mchezo huo mmoja.

Mvuto wake ulitokana na mambo machache. Sheria zilieleweka kwa dakika moja. Adui alizidi kwenda kasi kadiri wenzake walivyopungua, kwa sababu mtambo ulikuwa na maumbo machache ya kuchora, na kasi hiyo ilimtia mchezaji hofu tamu. Mchezo haukuwa na mwisho wa ushindi. Kila aliyeshindwa alijua kosa lake, akaamini kwamba akijaribu tena hatalirudia.

Mcheza bao anaijua hali hiyo vyema. Naye hushindwa, akaona ni wapi alipopanda vibaya, akapanga kete upya kabla vumbi halijatua. Katika michezo yote miwili mtu asiye na jeshi wala cheo hupewa kikosi cha kuongoza na uwanja wa kulinda, na kwa muda mfupi hatima ya vita imo vidoleni mwake. Hamu hiyo ilikuwapo Nakuru kabla ya nyaya za umeme kufika.

Kuna tofauti ambayo wazee hawakosi kuitaja. Bao huchezwa ana kwa ana, mbele ya watazamaji wanaocheka, wanaokosoa na wanaosubiri zamu. Mtambo wa video unaweza kumfungia mtu peke yake chumbani. Lakini hata vibanda vya mjini vina benchi lake la watazamaji, na kelele zao zikisikika barabarani hazitofautiani sana na za baraza la bao.

Kutoka Njoro hadi Olduvai

Mwaka 1938 Mary na mumewe walihamia pango lililo kando ya Mto Njoro. Humo walikuta mabaki ya takriban watu 80 waliochomwa moto baada ya kufa, wakiwa wameagwa kwa vyombo vya mawe vya kusagia na shanga nyingi za mawe ya thamani zilizotobolewa kwa ustadi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mazishi hayo yalifanyika zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa uchomaji maiti katika Afrika Mashariki.

Vita vya Pili vya Dunia havikumsimamisha. Mwaka 1942 yeye na Louis waligundua uwanja wa shoka za mawe huko Olorgesailie, katika Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi. Katika miaka hiyohiyo alikuwa mama. Mwana wake wa kwanza, Jonathan, alizaliwa mwaka 1940, na Richard mwaka 1944. Kati yao alizaliwa Deborah, aliyefariki angali mchanga mwaka 1943. Philip alifuata mwaka 1949.

Mnamo Oktoba 1948, katika kisiwa cha Rusinga kwenye Ziwa Victoria, Mary aliona jino likichomoza kwenye mteremko. Lilikuwa sehemu ya fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa zamani aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Vipande vilikuwa vidogo mno, naye akaviunganisha kimoja kimoja. Ugunduzi huo uliwapatia wafadhili na kulifanya jina la Leakey kujulikana ng'ambo. Mwaka 1951 alikuwa Kondoa, Tanganyika, akinakili michoro ya mapangoni, kazi aliyosema baadaye kuwa miongoni mwa zilizompa furaha kubwa zaidi.

Asubuhi ya Julai 17, 1959, Louis alikuwa amelala kambini Olduvai akiwa na homa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona mfupa na meno yakichungulia kutoka ardhini. Fuvu hilo, lililopewa jina Zinjanthropus, lilikuwa limevunjika katika mamia ya vipande. Lilipokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, mjadala kuhusu chimbuko la binadamu ulielekea Afrika Mashariki na kubaki huko.

Sifa nyingi zilimwendea Louis, mzungumzaji hodari aliyependa kumbi na kamera. Mary alipenda mahema, mbwa wake wenye madoa, sigara nene na ukimya. Mumewe alikuwa mwepesi wa kutangaza nadharia, naye alikuwa mzito wa kusema lolote ambalo udongo haujathibitisha. Tofauti hiyo, pamoja na mambo ya ndoa, iliwatenganisha polepole, hata akafanya Olduvai makao yake ya kudumu. Louis alifariki mnamo Oktoba 1, 1972.

Mchezo uliofichua nyayo

Waliotarajia kwamba kazi ya mjane huyo ingefifia walikosea. Katikati ya miaka ya 1970 aliongoza uchimbaji Laetoli, kusini mwa Olduvai. Siku moja mwaka 1976, watafiti waliokuwa wageni wake walianza kurushiana mavi makavu ya ndovu wakirudi kambini, kama watoto wanaocheza vita. Mmoja wao, Andrew Hill, alipokuwa akikwepa aliinama hadi chini, akaona alama za ajabu kwenye jivu la volkano lililogeuka jiwe. Zilikuwa nyayo za wanyama.

Katika historia ya sayansi ni nadra sana mchezo wa vita kuzaa matunda kama hayo. Mary hakuwakemea wala kuudharau mwanzo huo wa kitoto, bali alipanga kazi. Mwaka 1978, mwaka uleule ambao viumbe wa angani wa Nishikado walianza kuteremka kwenye vioo vya Japani, mtafiti Paul Abell aliona alama ya kisigino kilichofanana na cha binadamu.

Kwa misimu miwili Mary aliufukua msururu huo wa nyayo, takriban mita 27, akiondoa uchafu chembe kwa chembe. Viumbe walioacha nyayo hizo walitembea wima kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, wakipita juu ya jivu bichi. Ushahidi huo ulionyesha kwamba mababu wa binadamu walitembea hivyo muda mrefu kabla ya kuwa na ubongo mkubwa au kuchonga zana za mawe zinazojulikana Olduvai.

Mtu akilinganisha kazi ya Laetoli na ile ya kilima cha Nakuru, ataona mkono uleule. Miraba ileile, brashi ileile, subira ileile ya kukaa juani mwezi mzima kwa ajili ya eneo lisilozidi upana wa chumba. Aliyefukuzwa shule kwa kutotulia darasani alikuwa na utulivu usio na kifani mbele ya jambo lililomvutia.

Heshima za vyuo vikuu zilimfuata uzeeni. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Oxford, kilekile kilichokuwa kimeonekana kisichofaa hata kujaribiwa, kilimtunukia shahada ya heshima. Mwaka uliofuata alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, na mwaka 1983 aliondoka Olduvai kurejea Nairobi. Mwaka 1984 alichapisha tawasifu yake. Mwanawe Richard, aliyefariki mwaka 2022, aliendeleza jina la familia kwa ugunduzi wake katika eneo la Ziwa Turkana.

Mary Leakey alifariki jijini Nairobi mnamo Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83.

Katika hesabu ya maisha yake lipo deni ambalo historia inaendelea kulilipa. Kazi ya Nakuru, Njoro na Olduvai ilitegemea macho na mikono ya Waafrika wengi waliochimba, kuchekecha na mara nyingine kuwa wa kwanza kuona mfupa. Majina ya wengi wao hayakuonekana kwenye vichwa vya ripoti. Wachache, kama Heselon Mukiri na baadaye Kamoya Kimeu, ndio waliotambuliwa hadharani.

Nakuru nayo imebadilika. Mnamo Desemba 2021 ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na nyumba zimekikaribia kilima ambacho mwaka 1937 kilizungukwa na shamba. Kadiri ardhi inavyopanda bei, ndivyo kipande hicho cha nyasi na mawe kinavyohitaji ulinzi wa sheria na wa wakazi wenyewe.

Wanafunzi wanaopelekwa huko kwa mabasi ya shule huonyeshwa makaburi na mazizi ya kale, wakasikiliza kwa adabu. Wanapofika kwenye mwamba wenye vishimo, hali hugeuka. Mara huchuchumaa wawili wawili pande mbili za safu, huokota kokoto, na mwalimu hulazimika kuwaita zaidi ya mara moja kabla hawajainuka.